Kikanyagio Kinachojua Kupiga Goti

Ukitaka kumpima fundi anayeunda pikipiki upya, usianze na tanki alilolipaka rangi wala taa alizozifunga. Inama uangalie mahali pa kuweka miguu. Tanki linaweza kupakwa na kijana yeyote mwenye mkono mwepesi, na ekzosi inanunuliwa Kariakoo asubuhi ikafungwa kabla ya adhuhuri. Vikanyagio vilivyotengenezwa kwa mkono havina pa kujificha. Vinaonyesha kama fundi alipima kabla ya kukata, kama alijua uzito wa mtu unaangukia wapi, na kama aliwahi kujiuliza pikipiki ikianguka itakuwaje. Hilo la mwisho ndilo linalowashinda wengi.

Mtaani kwetu sifa ya kwanza ya kitu cha chuma ni kwamba hakivunjiki. Dereva wa bodaboda anafika Gerezani jijini Dar es Salaam, au Kamukunji Nairobi, au Katwe Kampala, kikanyagio kimekatika. Fundi anakata kipande cha nondo, anakichomelea moja kwa moja kwenye fremu, anazungusha mchomo pande zote, anagonga gonga maganda kwa nyundo na kazi imekwisha. Bei inalipika, na dereva anaondoka akiwa na hakika kwamba safari hii kikanyagio hakiendi popote. Kweli hakiendi. Lakini pikipiki ikilala chini, kitu fulani lazima kiende, na kisipokuwa kikanyagio kitakuwa fremu, au kava la injini, au mfupa wa mguu.

Nimekaa kwenye mabenchi ya gereji za kutosha kujua kwamba hoja hii haipendwi. Mteja hataki kusikia kwamba kitu anachokilipia kimeundwa kikubali kushindwa. Hata hivyo, kikanyagio kizuri cha kutengeneza nyumbani ndicho hicho: kinabeba uzito wote unaokisukuma kutoka juu, na kinapiga goti mara tu kinapoguswa kutoka chini.

Tazama kikanyagio cha kiwandani kwenye pikipiki ya michezo au ya porini. Kuna bano lenye mashavu mawili lililofungwa kwenye fremu. Katikati ya mashavu hayo kimeingizwa kikanyagio chenyewe, pini ikapita katika vyote vitatu, na springi ndogo inakirudisha mahali pake kila kinapoinuliwa. Upande wa chini kuna ukingo unaokizuia kisishuke kupita ulalo wa kawaida. Uzito wa dereva unaegemea ukingo huo. Pini haikusudiwi kubeba mzigo wote. Ukichunguza zaidi utaona bano halikufungwa sambamba na ardhi: limeinamishwa ili kikanyagio kikunjike kwenda juu na nyuma kwa pamoja, kufuata mwelekeo ambao ardhi, jiwe au ukingo wa barabara utakisukuma pikipiki ikiwa inakwenda mbele.

Sababu inaonekana kwenye kona. Pikipiki haigeuki bila kuegama, na kadiri mwendo unavyoongezeka ndivyo inavyoegama zaidi, mpaka ncha ya kikanyagio inagusa lami. Kikanyagio kinachokunjika hukwaruza na kuinuka, dereva akasikia mlio akajua amefika mwisho. Kilichochomelewa imara hufanya kazi ya jeki: kinainua uzito kutoka kwenye matairi, gurudumu la nyuma linapoteza mshiko, na mtu anaanguka kwenye kona ambayo pikipiki ingeimudu. Bodaboda haikimbii kama ya mashindano, lakini inapita kati ya daladala mbili zilizobanana, inapanda ukingo wa njia ya waenda kwa miguu, na inatumbukia kwenye makorongo ya magurudumu ya malori wakati wa masika. Kila mahali hapo kuna kitu cha kunasa chuma kilichochomoza.

Shirikisho la Kimataifa la Pikipiki, FIM, limeliweka jambo hili katika kanuni zake za ufundi za mashindano. Kikanyagio kinachokunjika lazima kijirudishe chenyewe mahali pake, na ncha yake iwe ya mviringo wenye nusu kipenyo kisichopungua milimita 8. Mviringo huo unatakiwa kwa sababu katika anguko ncha ya bomba lililokatwa kwa msumeno na kuachwa wazi huingia mwilini. Kufunika ncha hiyo kwa kipande cha chuma na kukiviringisha kwa tupa ni kazi ndogo kabisa. Bado pikipiki ngapi zinapita mtaani na ncha iliyo wazi?

Chuma cha kuchagua

Sasa tuzungumzie nondo, maana ndiyo malighafi inayopatikana kila kona, na ndiyo ninayoigombea zaidi.

Nondo iliundwa ili ikae ndani ya zege, ikivutwa kwa urefu wake huku zege likiishika pande zote. Nyingi zinazouzwa leo hupozwa ghafla kwa maji kiwandani, zikawa na ngozi ngumu nje na kiini laini ndani. Ukiipiga moto wa kuchomelea, ngozi ile inalegea pale pale penye mchomo, ambapo ndipo kikanyagio kinapobeba mzigo mkubwa kuliko pengine popote. Halafu mbavu zake. Zinasaidia saruji kushika, ila kwa mguu zinakuwa matuta ya bure, na kila mzizi wa ubavu ni mahali pazuri pa ufa kuanzia.

Unene nao una hesabu yake, na mafundi wengi wanaijua kwa mkono bila kuiandika. Uwezo wa fimbo ya mviringo kuhimili kupinda hauongezeki sawasawa na unene. Unakwenda kwa mchemraba. Fimbo ya milimita 16 inahimili zaidi ya mara mbili ya ile ya milimita 12. Ya milimita 24 inahimili mara nane. Chukua mtu wa kilo 80 aliyesimama kwa mguu mmoja, uzito wake ukiwa kwenye ncha, sentimita 10 kutoka kwenye bano. Fimbo ya milimita 12 ya chuma laini cha kawaida itapinda na kubaki imepinda, na hapo hajaruka tuta lolote. Gurudumu la nyuma likidondoka shimoni, mzigo ule unazidishwa mara kadhaa kwa nukta moja.

Watu wakisikia hivyo hukimbilia chuma kinene kisicho na tundu. Hakuna haja. Bomba lenye kipenyo cha milimita 25 na ukuta wa milimita 3 linahimili kupinda kwa takriban asilimia 30 zaidi ya fimbo nzima ya milimita 20, ilhali uzito wake ni theluthi mbili tu. Chuma kilicho katikati ya fimbo hakifanyi kazi kubwa. Kinachobeba ni kile cha pembeni. Ndiyo maana fremu ya pikipiki yenyewe ni mabomba.

Onyo moja kuhusu mabomba. Mengi yaliyozagaa kwenye vibanda vya chuma chakavu ni ya maji, yamepakwa zinki ili yasishike kutu. Zinki huchemka kwenye nyuzi 907 za Selsiasi, wakati chuma hakiyeyuki mpaka kwenye nyuzi 1,500 hivi. Kwa hiyo kabla mchomo haujakamata, zinki imeshageuka moshi mweupe unaoingia kifuani. Jioni fundi anatetemeka, viungo vinauma, anadhani ni malaria. Kesho yake au keshokutwa homa imekwisha, naye anarudi kazini bila kujua kilichompata. Kuna imani iliyoenea sana kwamba glasi ya maziwa inatibu. Maziwa ni chakula kizuri, ila yanakwenda tumboni na moshi unakwenda mapafuni. Dawa ni kusaga zinki yote kwa grainda kuzunguka mahali pa kuchomelea, sentimita chache kila upande, na kufanyia kazi mahali penye upepo.

Aluminiamu inawavutia vijana wanaoona picha za pikipiki za Ulaya. Ni nyepesi kweli, takriban theluthi moja ya uzito wa chuma kwa ujazo uleule. Tatizo ni kwamba aina nzuri zilizokazwa kwa joto kiwandani hupoteza sehemu kubwa ya nguvu zake pale zinapochomelewa. Kikanyagio cha aluminiamu kinapaswa kukerezwa kutoka kwenye gogo moja na kufungwa kwa boliti, kisichomelewe. Kama una mkerezaji mwenye mashine nzuri na subira, mwachie. Kama huna, chuma laini hakijawahi kumwaibisha mtu, na kikianza kushindwa hupinda kwanza, kikakupa taarifa kabla ya kukatika.

Kuhusu pini sina mengi. Isiwe boliti yenye hesi urefu wote. Hesi zinatafuna tundu la bano, na shina la kila hesi ni jembamba kuliko unavyodhani. Tafuta boliti ambayo sehemu yake laini inapita mashavu yote mawili, hesi zibaki nje kwa ajili ya nati tu, na kichwani iwe na namba 8.8. Namba ya kwanza inaeleza uwezo wa kuvutwa kabla ya kukatika, kwa hiyo boliti iliyoandikwa 4.8 ina nusu ya uwezo huo. Tofauti ya bei dukani ni ndogo kiasi cha kumfanya mtu ashangae kwa nini ubahili unaanzia hapo.

Miguu nyuma, miguu mbele

Kazi ya kutengeneza vikanyagio upya mara nyingi haitokani na kuvunjika. Inatokana na mtu kutaka kukaa tofauti.

Jijini London, miaka ya 1950 na 1960, vijana walikutana kwenye mkahawa wa Ace Cafe, kando ya barabara ya North Circular, uliofunguliwa mwaka 1938 kwa ajili ya madereva wa malori. Ndoto yao ilikuwa kufikia maili 100 kwa saa, yaani kilomita 160. Kwa mwendo huo upepo unakisukuma kifua kama mkono wa mtu, kwa hiyo waliushusha usukani, wakalala juu ya tanki, na miguu ikabidi irudi nyuma ili mwili usikunjike vibaya. Wengi hawakuwa na fedha za kununua vifaa vya mashindano. Walikata mabamba, wakatoboa fremu, wakahamisha vikanyagio wenyewe. Mkahawa ulifungwa mwaka 1969 na kufunguliwa tena mwaka 2001, na mtindo ule wa ukaaji umebaki ukiitwa kwa jina la mikahawa hata katika miji ambayo haina barabara ya kukimbilia maili 100.

Marekani walikwenda kinyume. Pikipiki za filamu ya Easy Rider ya mwaka 1969 ziliwafanya vijana wa dunia nzima watake kunyoosha miguu mbele kana kwamba wako barazani. Walioziunda, Ben Hardy na Cliff Vaughs, walikuwa mafundi Wamarekani Weusi, na kwa miaka mingi sifa yao haikutajwa. Nawataja hapa kwa sababu historia ya pikipiki za kuunda upya husimuliwa kwa majina ya waigizaji, wenye mikono iliyochafuka wakaachwa nje ya picha. Na kama kuna aliyechukua mjadala huu wa miguu mpaka mwisho wake, ni Rollie Free. Septemba 1948, kwenye uwanda wa chumvi wa Bonneville huko Utah, alivua mavazi ya ngozi akabaki na bukta ya kuogelea, akalala kifudifudi juu ya pikipiki aina ya Vincent huku miguu ikielea nyuma hewani, akapita maili 150 kwa saa, zaidi ya kilomita 241. Vikanyagio alivisahau kabisa.

Hapa kwetu pikipiki inayopendwa kugeuzwa ni ile ya ukoo wa Honda CG125. Honda waliitoa mwaka 1976 wakizilenga nchi ambako pikipiki inabebeshwa mizigo na matunzo ni ya kubahatisha. Walichagua injini inayoinua vali kwa fito, rahisi, isiyosusa haraka mafuta yakichelewa kubadilishwa. Viwanda vya China vikaiga injini hiyo kwa wingi, na nakala zake zimejaa kuanzia Kigoma hadi Lamu. Kwenye pikipiki za ukoo huu vikanyagio vya dereva ni fimbo moja iliyopindwa, inapita chini ya injini kutoka upande mmoja hadi wa pili na kushikwa na boliti nne. Kikigongwa cha kushoto, cha kulia kinasogea. Ikipinda, fundi anaipasha moto na kuinyoosha kwa nyundo, na baada ya kunyooshwa mara kadhaa inapata ufa.

Kijana anayetaka kurudisha miguu nyuma anaanza kwa kuitoa fimbo hiyo. Kisha anagundua kwamba amejiingiza kwenye kazi tatu: vikanyagio, gia na breki. Vikanyagio ndiyo rahisi. Bamba la chuma la milimita 6 au 8 linakatwa kwa kufuata kielelezo cha boksi la karatasi ngumu, linafungwa kwenye matundu ya vikanyagio vya abiria yaliyoko tayari, au linachomelewa vipande vya kukazia kwenye fremu. Ni busara kukaa kwenye siti na mwenzako akiishikilia pikipiki wima, kuweka vipande vya ubao chini ya miguu, na kusogeza mpaka goti litulie. Mwili unajua kabla ya futi.

Gia inahitaji fito ya kuunganisha lever mpya na shafti ya zamani, yenye boljointi ndogo kila mwisho. Upande mmoja wa fito ukiwa na hesi za kulia na mwingine za kushoto, utaweza kurekebisha urefu kwa kuizungusha tu. Mikono miwili inayoshikwa na fito ikae karibu na pembe mraba nayo. Ikipotoka sana, mguu unasukuma na gia haiingii. Na ukiufunga mkono wa shafti ukielekea juu ilhali wa lever unaelekea chini, mpangilio wa gia unageuka kichwa chini miguu juu. Wenye kukimbia mashindano hufanya hivyo kwa makusudi. Dereva wa kawaida atakuja kulijua jambo hili katikati ya foleni ya Ubungo.

Breki ndiyo inayonitia hofu. Pedali ya breki ya nyuma ni nyenzo. Ikiwa kutoka mhimili hadi mguu ni sentimita 15, na kutoka mhimili hadi fito inayovuta breki ni sentimita 5, basi nguvu ya mguu inazidishwa mara tatu. Nyuma, kwenye bamba jipya, nafasi ni finyu, fundi anakata pedali fupi ya sentimita 10, mkono wa fito anauacha ulivyo, na nguvu sasa inazidishwa mara mbili tu. Theluthi moja ya breki imeyeyuka bila mtu kuondoa chochote kwenye gurudumu. Pikipiki inapendeza, picha zinapigwa, na hakuna anayejua mpaka mtoto akatize barabara. Mkono mfupi wa fito unapaswa kufupishwa kwa uwiano uleule, na kama nafasi hairuhusu, ni heri vikanyagio virudi mbele kidogo.

Nikiulizwa ushauri, husema hivi: kwa Morogoro Road ya saa kumi na moja jioni, acha miguu ilipo. Ukaaji wa kuinama unategemea upepo ukuinue kifua. Kwenye foleni hakuna upepo, uzito wote unaangukia viganja, na baada ya nusu saa vidole vinakufa ganzi juu ya klachi. Kwa safari ya Jumapili ya Bagamoyo, sawa.

Miguu ya abiria

Tumezungumza muda wote kana kwamba pikipiki ina mtu mmoja. Afrika Mashariki pikipiki ina watu wawili, na siku mbaya ni mishikaki, abiria wamepangwa kama nyama kwenye kijiti. Ajabu ni kwamba vikanyagio vya abiria ndivyo vinavyotengenezwa kwa uzembe kuliko vyote, kwa kuwa anayelipa fundi hakai nyuma.

India, zinakotoka Boxer za Bajaj na HLX za TVS, jambo hili limeandikwa katika sheria. Kanuni ya 123 ya Kanuni Kuu za Magari ya mwaka 1989 inataka kila pikipiki itoke kiwandani ikiwa na mahali pa abiria kushika, kikanyagio, na kinga inayofunika angalau nusu ya gurudumu la nyuma ili nguo zisinaswe. Waliotunga walikuwa wakimfikiria mwanamke aliyevaa sari na kukaa upande. Mwanamke wa Tanga mwenye kanga mbili, au wa Mombasa mwenye buibui, ana hatari ileile, na bado kinga ya gurudumu mara nyingi ndiyo ya kwanza kung'olewa ili kupata nafasi ya kufunga mizigo. Fundi anayejiheshimu huirudisha, na mteja akitaka anaongeza upande wa kushoto kikanyagio kipana cha bamba, cha kuweka miguu yote miwili ya anayekaa upande. Bamba hilo lina kazi ngumu: linabeba miguu miwili, na abiria anapopanda analikanyaga kama ngazi, uzito wake mzima. Kwa hiyo lifungwe sehemu mbili za fremu, na bado liwe na bawaba.

Upande wa kulia kuna ekzosi. Kovu la mviringo upande wa ndani wa shavu la mguu wa kulia ni alama ya abiria wa bodaboda kuanzia Kisumu hadi Mbeya. Kikanyagio kilichochomelewa karibu mno, au kifupi mno, kinaulazimisha mguu ukumbatie bomba la moto. Kukisogeza nje kwa sentimita chache na kuweka bamba la kukinga lenye nafasi ya hewa nyuma yake ni kazi ya asubuhi moja. Napendekeza pia mpira juu ya kikanyagio, sina haja na meno ya chuma. Vijana wanaiga vikanyagio vya mashindano ya matope vyenye meno makali, wakisahau kwamba wale wenzao wanavaa mabuti hadi magotini. Abiria wetu amevaa ndala. Kipande cha tairi kuukuu, kilekile kinachokatwa makubazi, kikikazwa kuzunguka bomba kinashika hata kikiwa na maji, na kinameza mtikisiko wa injini ya silinda moja.

Goma wanalijua hili kwa namna yao. Chukudu, baiskeli ya mbao inayoteremsha magunia ya viazi na makaa milimani, haina kikanyagio. Dereva anaweka goti moja kwenye ubao na kusukuma kwa mguu wa pili. Pale goti linapotua pamepigiliwa kipande cha mpira. Aliyeiunda alijua mwili utagusa wapi.

Viwe vikanyagio vya dereva au vya abiria, kabla ya kuchomelea chochote kwenye pikipiki iliyokamilika, chomoa waya za betri, toa na soketi ya CDI, kile kisanduku cha umeme wa cheche, na klipu ya ethi iwekwe karibu kabisa na mahali pa mchomo, umeme usije ukapita kwenye beringi za gurudumu kutafuta njia. Kazi ikipoa, usikimbilie rangi. Pakaa mafuta ya taa kwenye mchomo, acha yaingie, futa mpaka pakauke, kisha paka vumbi la chaki. Kama kuna ufa usioonekana kwa macho, mafuta yatajitokeza tena na kuchora mstari mweusi kwenye weupe wa chaki. Ni njia ya zamani, mafundi wa reli waliitumia kukagua mihimili ya mabehewa, na gharama yake ni kikombe cha mafuta ya taa. Irudie kila unapofanya sevisi. Chuma hakikatiki ghafla mara nyingi. Huanza na ufa mwembamba kwenye ukingo wa mchomo, unaokua kidogo kidogo kwa kila tuta, na dalili yake ya kwanza ni mstari wa kutu unaotokeza kwenye rangi.

Boliti za milimita 8 zenye namba 8.8 zikazwe kwa takriban nyutoni mita 25. Ukikaza kwa hasira zinavutika, na zikivutika hazishiki tena. Halafu chukua rangi ya kucha, chora mstari mmoja unaopita kutoka kwenye nati hadi kwenye bano. Baada ya safari za mwanzo, chuchumaa uangalie. Mstari ukiwa umenyooka, endelea. Ukikuta umekatika, nati imezunguka. Toa spana hapo hapo ulipo, hata kama nyumbani ni kona moja tu.